Kipa namba moja mkataba unaisha: umpe miaka mingine au umwache aende?

Kila ikikaribia tarehe 1 Julai, siku ambayo soko la wachezaji huru la NHL, ligi kuu ya hoki ya barafuni ya Marekani na Kanada, linafunguliwa, lazima kuna timu ina hili tatizo: kipa namba moja mkataba wake umebaki ncha, wakala wake anataka hela ndefu na miaka mingi, nusu ya mashabiki wanasema mpeni anachotaka bila huyu tumekwisha, nusu nyingine wanasema mwacheni aende makipa wapo kibao. Mimi nimeshakaa pande zote mbili kwa nyakati tofauti, nikaumbuka pande zote mbili, kwa hiyo leo naziweka mezani kwa pamoja tuzitazame.

Tuchukue mfano ili wote tuwe tunaongelea kitu kimoja. Kipa ana miaka 29, misimu mitatu hii amekuwa moto, anacheza mechi 55 mpaka 60 kati ya 82, na anataka dola milioni 9 kwa mwaka kwa miaka 7. Timu yake ni ya katikati, mwaka huu inaingia mtoano mwakani inakosa. Unafanyaje?

Kwa asiyeifuata sana hoki ya barafuni, NHL sio kama soka la Ulaya ambako tajiri akiamka vizuri anamwaga hela. Kuna kikomo cha mishahara, wao wanakiita selari kepu, mi siku zote naita kapu, maana ndivyo lilivyo, kapu moja la ukubwa uleule kwa timu zote 32, ukitanguliza jiwe kubwa hayo mengine yote itabidi yawe madogo. Kapu lilianza msimu wa 2005-06 likiwa milioni 39, baada ya ligi na wachezaji kuvutana hadi msimu mzima wa 2004-05 ukafutwa. Msimu wa 2024-25 lilikuwa milioni 88, 2025-26 likaruka hadi 95.5, na ligi ilishakadiria 104 kwa 2026-27 na 113.5 kwa 2027-28.

Hapo wanaotaka asaini wana hoja nzuri kabisa. Milioni 9 kwenye kapu la 95.5 ni kama asilimia 9.4, kwenye kapu la 113.5 ni chini ya asilimia 8, yaani jiwe ni lilelile ila kapu linakua, ukisubiri mwakani utamlipa zaidi. Sawa. Ila muulize shabiki yeyote wa zamani kuhusu kapu linalokua. Carey Price alisaini na Montreal Julai 2017, miaka 8 kwa milioni 84, mkataba ukaanza kuhesabiwa 2018-19 kapu likiwa 79.5, kwa hiyo yeye peke yake alikula asilimia 13 na ushee, na kila mtu alikuwa anasema tulieni kapu litapanda. Ikaja korona, kapu likaganda 81.5 misimu mitatu mfululizo. Makadirio ni makadirio.

Sasa kipa ana thamani gani hasa, maana hapa ndio watu wanatukanana bila kupiga hesabu. Chukua kipa anayeokoa .915, katika mashuti 1,000 yanampita 85. Chukua mwingine wa .900, yanampita 100. Ukikaa uwanjani ukawaangalia kwa macho huwezi kuwatofautisha, ni bao moja na nusu katika mashuti 100. Lakini mpe kila mmoja mechi 55 na mashuti 30 kila mechi, hayo ni mashuti 1,650, na tofauti yao inafika mabao kama 25. Wachambuzi wa hoki wanakadiria mabao 6 hivi ni ushindi mmoja, basi hapo una ushindi mara nne, pointi 8, na pointi 8 ikifika mwezi wa nne ndio zinaamua nani anacheza mtoano na nani anaenda kushika fimbo za gofu. Hamna mshambuliaji wa milioni 9 anayekupa hivyo kirahisi, labda wale wachache kabisa wa juu.

Kuna mtego lakini. Kama miaka kumi nyuma wastani wa ligi nzima ulikuwa karibu .915, msimu wa 2024-25 ulikuwa umeshuka hadi karibu .900, mchezo umekuwa wa kasi, pasi za kukata katikati mbele ya goli zimejaa, watu hawapigi tu ilimradi wamepiga wanasubiri nafasi ya maana. Kwa hiyo kipa wako akiwa na .905 usimtukane, yuko juu ya wastani. Na wakala akikuwekea mezani karatasi yenye takwimu za miaka sita iliyopita, zile ni za hoki nyingine. Bora uangalie mabao aliyookoa kupita yaliyotarajiwa, hiyo inahesabu shuti limetoka wapi na lilikuwa la hatari kiasi gani, maana kuna makipa wana namba tamu kwa sababu mabeki wao wanawalazimisha wapinzani wapige kutoka mbali, na siku kipa huyo akihamia timu ya mabeki wa hovyo ndio unagundua ulinunua ukuta wa jirani.

Haya, mfano ninaoupenda kuliko yote ni Sergei Bobrovsky, kwa sababu ni mkataba mmoja wenye pande zote mbili ndani yake. Columbus walikuwa naye, kachukua tuzo ya Vezina, ile ya kipa bora wa msimu, mara mbili akiwa nao, 2013 na 2017. Mkataba ukaisha 2019, hawakumsainisha, wakamwacha aende bure. Florida wakamdaka siku ileile ya kwanza ya Julai, miaka 7 kwa milioni 70, na jamaa ana miaka 30.

Ukiuliza mwaka mmoja baadaye nani alikuwa na akili, jibu ni Columbus bila ubishi. Bobrovsky msimu wake wa kwanza Florida aliokoa .900, wakati huo .900 ilikuwa mbaya, huku Columbus kijana wao Elvis Merzlikins anaokoa .923 kwa mshahara mdogo, na kwenye mtoano wa 2020 Columbus wakaitoa Toronto. Florida walikuwa wanachekwa kila kona. 2021 kwenye mtoano wakaishia kumweka dogo Spencer Knight golini na kipa wa milioni 10 yuko benchi. 2023 ndio kabisa, mtoano unaanza kipa ni Alex Lyon, Bobrovsky anaangalia.

Halafu uliza tena miaka mitano baadaye. Hiyo 2023 aliingia katikati ya raundi ya kwanza dhidi ya Boston, Boston ile ya ushindi 65 na pointi 135, rekodi ya ligi, Florida wakiwa nyuma 3-1 wakageuza. Fainali ya kanda mechi ya kwanza na Carolina ilienda muda wa nyongeza mara nne, mara nne jamani, Bobrovsky akaokoa mashuti 63 mpaka Matthew Tkachuk akamaliza zikiwa zimebaki sekunde 13 kuingia nyongeza ya tano. Walipoteza fainali ile kwa Vegas lakini 2024 wakachukua Kombe la Stanley kwa kuifunga Edmonton mechi ya saba 2-1, 2025 wakaifunga tena Edmonton wakachukua la pili. Mwanzoni mwa mtoano wa 2024 dhidi ya Tampa Bay kuna ile aliyomfanyia Matt Dumba, goli liko wazi, kipa ameshageuka mgongo, paki (kile kisahani kinachopigwa kwa fimbo) haioni, akajirusha kinyumenyume mkono umenyooka hewani, paki ikamgonga. Nimeirudia mara sijui ngapi na bado sijaelewa mkono ulijuaje pa kwenda.

Na Columbus? Yule Merzlikins wakampa miaka 5 kwa milioni 27, msimu wa kwanza wa huo mkataba, 2022-23, akaokoa .876. Timu haikuingia mtoano tena tangu 2020 mpaka 2025. Sio kosa la kipa peke yake, najua, lakini unaona mchezo ulivyo, uamuzi uleule ulikuwa wa akili 2020 na wa kijinga 2024. Kwa hiyo mtu akikuambia "tumsaini" muulize kwanza ni kwa ajili ya mwaka gani. Florida walivumilia misimu mitatu ya karaha ili wapate mitatu ya dhahabu, na waliweza kuvumilia kwa sababu timu nzima iliyomzunguka ilikuwa inakua, Barkov, Tkachuk, mabeki wa maana. Kipa yuleyule na mkataba uleule ungeweka kwenye timu inayozeeka, ile misimu mitatu ya mwisho ingemkuta na nani?

Jibu la hilo ni Price. Wakati anasaini alikuwa kweli kipa bora duniani, alishachukua Vezina na Hart msimu wa 2014-15, Hart ni mchezaji muhimu kuliko wote, na makipa hawapewi mara nyingi. Montreal walipata nini kwa milioni 84? Walipata majira ya joto moja tu ya kukumbukwa, 2021, aliwabeba mgongoni hadi fainali, wakapigwa na Tampa Bay mechi tano. Akafanyiwa upasuaji wa goti, msimu uliofuata akacheza mechi 5, ikawa ndio mwisho. Mkataba wenyewe uliendelea kuishi bila mwenyewe, hadi Septemba 2025 wakauhamishia San Jose kama mzigo. Kuna watu Montreal watakwambia ile 2021 peke yake ilitosha, na sitabishana nao kwa sababu mambo ya moyo hayana risiti.

Connor Hellebuyck ndio kesi inayofanana zaidi na mfano wetu. Oktoba 2023 Winnipeg walimpa miaka 7 kwa milioni 8.5 kila mwaka, akiwa na 30, na siku hiyohiyo Mark Scheifele naye akapewa mkataba uleule senti kwa senti. Winnipeg ni soko dogo lenye baridi, wachezaji huru hawapigani vikumbo kwenda huko, kwa hiyo wao kumwacha kipa aende maana yake haikuwa "tutatafuta mwingine", ilikuwa "tutakaa bila". Msimu wa kwanza wa mkataba, 2024-25: ushindi 47, .925, Vezina ya tatu na Hart juu yake, timu ikamaliza ya kwanza ligi nzima na pointi 116. Thamani ya pesa imerudi hata kabla mwaka haujaisha.

Af ukafika mtoano. St. Louis wakamfanya atolewe golini mechi tatu, zote za ugenini. Mechi ya saba nyumbani wako nyuma 3-1 na dakika mbili hazijafika kuisha, wakapata moja, wakapata la kusawazisha zikiwa zimebaki sekunde za kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja, Adam Lowry akamaliza nyongeza ya pili. Raundi iliyofuata Dallas wakawatoa. Asilimia yake ya mtoano mzima ilikuwa .866. Sasa wewe kama meneja unaisomaje hiyo? Mi naona mechi 13 za mtoano haziwezi kufuta mechi 60 za msimu, sampuli ni ndogo mno, ila ukiwa umekaa jukwaani umelipia tiketi hamna mtu anataka kusikia habari za sampuli.

Igor Shesterkin nampitia haraka: Rangers, Desemba 2024, miaka 8 kwa milioni 92, 11.5 kila mwaka, mpaka siku hiyo hakuna kipa aliyewahi kusaini kwa wastani wa dola nyingi hivyo kwa mwaka. Msimu uleule wa kusaini Rangers hawakuingia mtoano. Somo lake ni dogo lakini ni chungu, kipa ghali hazuii mabeki wabovu kuwa mabeki wabovu.

Upande wa pili sasa, waliomwacha aende. Hapa kila mtu anaitaja Colorado, na ni haki yao. 2021 Philipp Grubauer alikuwa mmoja wa watatu waliofika hatua ya mwisho ya Vezina, mkataba umeisha, Seattle timu mpya wakampa miaka 6 kwa milioni 35.4. Colorado wakaona hapana. Wakamchukua Darcy Kuemper kutoka Arizona, mwaka uliofuata wakabeba kombe. Grubauer msimu huo huko Seattle .889. Ushahidi umefungwa, si ndio?

Subiri kwanza. Kuemper hakuwa wa bure, walitoa beki kijana na chaguo la raundi ya kwanza kwenye drafti (ile siku timu zinachagua wachezaji chipukizi kwa zamu) pamoja na nyongeza. Alipobeba kombe naye mkataba ukaisha, naye akaondoka, Washington miaka 5 kwa milioni 26.25. Colorado wakamleta Alexandar Georgiev, msimu wa kwanza safi, wa pili .897, wa tatu ukaanza vibaya hivi kwamba 2024 kabla ya Krismasi walishabadilisha makipa wote wawili, wakamtoa Georgiev kwa Mackenzie Blackwood, na Blackwood muda si mrefu wakampa miaka 5 kwa milioni 26.25. Ndio, hela ileile hadi senti aliyopewa Kuemper. Yaani walikimbia mkataba mrefu wa kipa wakazunguka miaka mitatu, chaguo la raundi ya kwanza limekwenda, wakaishia kusaini mkataba mrefu wa kipa. Lakini kombe wanalo, na bei ya Blackwood ni nusu na kidogo tu ya milioni 9 za yule wetu, na zile milioni zilizobaki ndio zinawalipa watu wanaofunga mabao.

Vegas 2023 ni hadithi ya aina hiyo ila tamu zaidi, Adin Hill walimpata kwa chaguo la raundi ya nne, hata mtoano ulipoanza hakuwa yeye golini, Laurent Brossoit akaumia raundi ya pili, Hill akaingia akaokoa .932 mpaka kombe. Usiifanye kuwa mpango wako lakini. Hakuna meneja aliyekaa chini akapanga "kipa wetu wa akiba ataingia mwezi wa tano".

Edmonton ndio kipimo bora cha kipa wa bei rahisi. 2024 na 2025 Stuart Skinner alikuwa golini kwa milioni 2.6 kwa mwaka, na pesa zote nyingine zilikuwa kwa Connor McDavid, Leon Draisaitl na wenzao. Fainali mbili mfululizo, sio mchezo. Ila zote mbili walimkuta yule mzee wa milioni 10 amesimama upande wa pili, na 2025 wakawa wanambadilisha Skinner na Calvin Pickard kama mtu anayejaribu funguo mlangoni. Ukiitazama kwa jicho la mhasibu, milioni 7.4 za tofauti zilikupeleka fainali. Ukiitazama kwa jicho la shabiki wa Edmonton, sijui, usimuulize.

Jambo lingine ambalo pande zote mbili hulivuta kwao ni makipa wanatoka wapi. Shesterkin alichaguliwa wa 118 kwenye drafti, Hellebuyck wa 130, Henrik Lundqvist wa 205, Bobrovsky hakuchaguliwa na mtu. Wa "mwacheni" wanasema unaona, wanaokotwa popote. Wa "msainini" wanasema unaona, hakuna anayejua wanapookotwa, ukishampata usimwachie. Mi naona wa pili wana hoja zaidi, kwa sababu anayekuambia makipa wapo kibao huwa anakumbuka waliotokea na kusahau wale ishirini waliojaribiwa wakapotea. Kuna jamaa mmoja huwa ananiletea David Ayres kila tukibishana, yule dereva wa mashine ya kusawazisha barafu, miaka 42, Februari 2020 makipa wote wawili wa Carolina waliumia pale Toronto ikabidi aingie yeye kipa wa dharura, mashuti mawili ya kwanza yote yakaingia, nane yaliyofuata akaokoa yote, Carolina wakashinda 6-3. Hadithi nzuri mno. Na ukiangalia vizuri inasema mabeki wa Carolina usiku ule waliamua Toronto wasipige kabisa, ndio maana mashuti yalikuwa kumi tu.

Mwili nao. Makipa karibu wote siku hizi wanacheza staili ya kipepeo, magoti yanagonga barafu ndani, miguu imefunguka nje, nyonga zinapinda mahali ambapo nyonga hazikuumbwa kupinda, mara mia kwa siku ukihesabu na mazoezi. Tazama kipa akiinuka baada ya kuokoa mara tatu mfululizo, anasukuma kwa mguu mmoja, anateleza kwenye nguzo, anashuka tena, yote hiyo ndani ya sekunde mbili na pedi mwilini. Miaka 22 hiyo ni burudani. Miaka 34 ni hesabu ya siku. Kipa wetu wa 29 ukimpa miaka 7 unanunua umri wa 30 hadi 36, na ile misimu mitatu aliyokuwa moto umeshaitumia kwa bei ya zamani, haiko kwenye mkataba huu mpya. Watu wanasahau hili kabisa, wanalipa shukrani.

Na shukrani ndio zinazozaa vifungu. Kipa wa kiwango hicho atataka kifungu cha kutohamishwa, na atataka sehemu kubwa ya hela iwe bonasi ya kusaini, kwa sababu timu ikija kuvunja mkataba inalipa theluthi mbili ya mshahara uliobaki na uzito wake unasambazwa kwa miaka mara mbili ya iliyobaki, ila bonasi haipungui hata shilingi. Jack Campbell Edmonton walimpa miaka 5 kwa milioni 25 mwaka 2022, baada ya misimu miwili wakauvunja, alama yake ipo kwenye kapu lao hadi 2029-30. Rick DiPietro ndio baba yao wote, Islanders 2006 walimpa miaka 15 kwa milioni 67.5, wakauvunja 2013, analipwa milioni 1.5 kila mwaka hadi 2029. Siku hizi miaka 15 hairuhusiwi, ilikuwa mwisho 8 ukisaini na timu yako na 7 ukienda kwingine, na makubaliano mapya ya ligi na wachezaji yanayoanza Septemba 2026 yanashusha hadi 7 na 6. Hiyo ni nzuri kwa timu, ingawa mawakala watataka fidia kwenye hela ya kila mwaka.

Je una dogo? Hapa ndio mi ninapoanzia kabla ya kuangalia chochote. Florida walimchagua Spencer Knight wa 13 kwenye drafti siku chache tu kabla ya kumsaini Bobrovsky, watu wakasema hawa hawajielewi wanachukua makipa wawili wa nini. Knight hakuja kumrithi Bobrovsky, Machi 2025 akawa sehemu ya biashara iliyowaletea beki Seth Jones kutoka Chicago, na Jones akabeba nao kombe miezi mitatu baadaye. Dogo mzuri golini ni bima, na bima isipotumika unaweza kuiuza. Timu isiyo na dogo yeyote inaenda mezani ikiwa uchi, wakala anajua, bei inapanda.

Kwa hiyo yule wetu wa 29, milioni 9, miaka 7. Kama washambuliaji na mabeki wako wakuu wana miaka 22 mpaka 26 na wamefungwa na mikataba, msaini, na ukubali kabisa kwamba miaka miwili ya mwisho itakuwa mibaya. Kama uko Winnipeg au sehemu kama Winnipeg, msaini pia, huna njia nyingine ya kumpata wa kiwango chake. Kama timu yako inazeeka na kipa ndiye anayeficha madhaifu, ndio hasa wakati kila mtu atakulilia umpe na ndio hasa wakati usimpe, muuze kabla ya dirisha la Machi la kubadilishana wachezaji kufungwa ukiwa bado unapata chaguo la raundi ya kwanza na kijana, maana Julai utapata sifuri kama Columbus. Kosa baya kuliko yote ni kusubiri hadi Julai huku unasema mazungumzo yanaendelea vizuri.

Kwa timu ya katikati kama ya mfano wetu, mi ningeipandisha hela na kushusha miaka. Milioni 10 kwa miaka 4 napenda zaidi kuliko 9 kwa miaka 7, kapu linakua litaimeza ile milioni ya ziada na umri wa 34 hadi 36 unakuwa tatizo la mtu mwingine. Akikataa, nafika miaka 5, kifungu cha kutohamishwa kiwe cha miaka mitatu ya kwanza na baada ya hapo anipe orodha ya timu kumi anazokubali kwenda. Akitaka wa sita namshukuru, nampigia Winnipeg simu kuuliza kipa wao wa akiba bei gani.